Budondo: Jirani wa Nile, Foleni ya Bidoni



Ukurasa wetu wa safari mwezi huu unaelekea mashariki ya Uganda, mpaka Jinja, na kutoka Jinja mpaka mahali panaitwa Budondo. Kuna atakayeuliza, kwa nini Budondo? Si afadhali tungesoma habari za mbuga za wanyama, ama za Kampala na magorofa yake? Ngojeni kidogo. Budondo nimeichagua kwa sababu ya maji. Watu wa pale wana vitu ambavyo sisi hatuna. Wana uraia, wana kura, wana mashamba ya babu zao, na mto Nile unapita chini ya migomba yao. Pamoja na hayo yote, bado kuna akina mama wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya maji. Basi mtu akiwa na hayo yote na bado anahangaika, shida si ukame wala si kukosa mto. Shida iko kwenye pesa, na pesa inagawanywa na watu fulani, mahali fulani, kwa tarehe zinazojulikana. Hiyo ndiyo habari niliyorudi nayo.

Safari yenyewe si ngumu. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Pale Namawojjolo teksi ikisimama tu, wachuuzi wanakimbilia madirisha na kuku wa kuchoma na gonja. Ukiwa na watoto ndani ya gari, mfuko utalia. Halafu miwa ya Lugazi, halafu msitu wa Mabira, halafu Njeru, na hapo mnavuka Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, lile la nyaya ndefu, lenye urefu wa mita 525. Zamani magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, lile ambalo Malkia Elizabeth wa Uingereza alilifungua mwaka 1954 na leo linaitwa Nalubaale. Jinja ilikuwa mji wa viwanda kwa sababu ya umeme wa bwawa hilo. Mpaka leo ukizunguka mjini unaona barabara pana na maduka ya zamani ya Wahindi yenye tarehe zimechongwa juu ya milango.

Kutoka mjini nilichukua boda boda kwa barabara ya Budondo, kuelekea kaskazini, mto ukiwa mkono wa kushoto. (Boda boda, kwa wasiojua, ilizaliwa huku huku mashariki, mpakani na Kenya, watu walipokuwa wakivushwa kwa baisikeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Leo ni pikipiki na bei imepanda.) Njia nzima ni nyumba, migomba, kahawa, mahindi, shule, makanisa na misikiti, tena shule. Watu ni wengi. Mtu asifikiri kijiji ni mahali peupe.

Kilomita chache mbele unafika Bujagali. Hapo palikuwa na maporomoko ya maji yaliyosifiwa dunia nzima. Wazungu walikuja kushuka na mitumbwi ya mpira na kulipa dola nyingi kwa kutishwa. Kwa Wasoga palikuwa mahali pa heshima, mahali pa roho ya Budhagali. Leo hakuna maporomoko. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yaliyafunika, na Oktoba 2012 bwawa la Bujagali likazinduliwa rasmi: megawati 250, gharama karibu dola milioni 900. Kabla ya kufika huko kulikuwa na mabishano marefu. Malalamiko yalipelekwa mpaka kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, mwaka 2001 na tena mwaka 2007, kuhusu mazingira, kuhusu mahali pa kiroho, na kuhusu watu waliohamishwa. Sasa ukisimama pale unaona ziwa limetulia, ndege weupe juu ya maji, na nyaya za umeme zinapanda mlima kwenda zake.

Nawaomba watoto wa shule wachukue kalamu hapa. Nile inapotoka ziwa Victoria hupitisha kiasi cha mita za ujazo 1,000 kila sekunde, kuna miaka inazidi na kuna miaka inapungua. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani bidoni 50 za lita 20. Zidisheni. Ni bidoni 50,000 kila sekunde moja. Kabla hujamaliza kusema "bismillahi" ama kufanya ishara ya msalaba, maji ya kutosha kambi nzima yamepita na kwenda Misri.

Kumbe maji ya mto hayana miguu ya kupanda kilima. Budondo imekaa juu, na mto uko chini. Ukingo una sehemu za mteremko mkali, na mtoto akiteleza na bidoni yake si habari ya kucheza nayo. Tena maji yale si ya kunywa hivi hivi. Kichocho kiko katika Nile na katika ziwa Victoria, na kinampata hasa anayesimama ndani ya maji kufua na kuchota, yaani mama na watoto. Kupandisha maji safi kutoka mto mpaka mlangoni kunataka mashine, umeme, dawa, tangi na mabomba. Hayo ni mambo ya mamilioni, na hayaanzi na kijiji. Kijiji kinaanza na chemchemi iliyojengewa kwa saruji, ama kisima kifupi, ama kisima kirefu chenye pampu ya mkono.

Hapo kwenye pampu ndipo nilikaa sana, maana ndiyo shule yenyewe. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, anahudumu katika kamati ya maji ya kijiji chake. Nikamsalimu, "Kodheyo, nnyabo." Akacheka Kisoga changu, akanijibu kwa Kiswahili cha Jinja, kile cha viwandani na cha kambi za jeshi. Aliposikia natoka kambi ya wakimbizi, jambo la kwanza aliuliza kama kwetu maji tunalipia. Nikamwambia, mama, tumeanza kuambiwa tuchangie. Akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, kulipa si shida. Shida ni kulipa halafu ikaharibika na pesa haitoshi."

Alinieleza pampu yao kama fundi, na mimi nawaelezeni vile vile kwa sababu nyingi zetu ni za aina hiyo hiyo. Katika Uganda zinaitwa U2 na U3, asili yake ni pampu za India. Mkono wa chuma unavuta mnyororo, mnyororo unavuta fimbo ndefu iliyoshuka ndani ya bomba, na chini kabisa ndani ya silinda kuna vikombe vidogo vya mpira vinavyokaza na kusukuma maji juu. Vikombe vile vikichakaa, unapiga mkono mara ishirini ndipo tone linatoka. Vikombe ni spea ndogo, kamati inaweza kununua. Lakini kuvifikia katika U2 lazima fundi atoe mabomba yote juu, moja moja, na mabomba ya zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki. Mahali ambapo maji ya ardhini yana asidi, chuma kinaoza. Kwanza maji yanageuka mekundu, chai inakuwa nyeusi, nguo nyeupe za shule zinapata rangi ya kutu, na watu wanasema pampu ina laana wanarudi kwenye kidimbwi. Halafu siku moja bomba linakatika, linaanguka chini. Mwaka 2016 wizara ilizuia mabomba ya aina hiyo yasitumike tena kwa visima vipya. Uamuzi mzuri. Lakini yale yaliyokuwa tayari chini ya ardhi hayakupanda yenyewe.

Sasa tazameni hesabu ya kamati. Kila nyumba inatoa kidogo kwa mwezi. Pampu ikiwa nzima, wengi hawatoi, wanasema pesa za nini na maji yanatoka? Pampu ikifa, wote wanakuja na lawama, na sanduku lina za kununua vikombe tu, hazitoshi kubadilisha mabomba ya kisima kizima. Mimi simlaumu mtu hapo. Sera ya maji ya Uganda ya mwaka 1999 ilisema wazi kwamba watumiaji ndio watatunza visima, serikali itasaidia kujenga na yale matengenezo makubwa. Katika karatasi inaeleweka. Ila "makubwa" ni yapi, na pesa zake ziko kwenye mstari gani wa bajeti? Hapo ndipo kijiji kinabaki kimekaa juu ya kisima kikavu, kila ofisi ikisema hiyo ni ya mwenzake.

Sera ile ile iliweka kipimo: lita 20 mpaka 25 kwa mtu mmoja kwa siku, umbali usiozidi kilomita moja na nusu vijijini, na watu wasiozidi 300 kwa sehemu moja ya kuchotea. Chukueni familia ya watu saba. Lita 20 kila mmoja ni lita 140, yaani bidoni saba. Ukibeba bidoni moja kichwani, kilo 20, kilomita moja na nusu kwenda na moja na nusu kurudi, mara saba, ni kilomita 21 kwa siku. Na hapo serikali inahesabu kwamba familia hiyo imepata huduma! Ndiyo maana hakuna nyumba inayochota bidoni saba. Wanachota tatu, na wanaoga kwa kukadiria. Sisi kambini kipimo cha dharura kinachofuatwa na mashirika ni lita 15, na UNHCR inalenga 20 hali ikitulia. Kwa hiyo kwa karatasi hatupishani sana na jirani zetu wenyeji, na kwa foleni pia hatupishani.

Tuje kwenye pesa zenyewe. Visima vingi vya upande huu wa mashariki havikuchimbwa na wenyeji peke yao. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 kulikuwa na mradi mkubwa wa RUWASA, fedha za Denmark, uliochimba na kujenga katika wilaya za mashariki, Jinja ikiwemo. Katika Busoga mashirika ya kanisa nayo yalichimba visima vifupi vingi. Mwaka 1998 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na serikali ikaweka akiba ile katika mfuko wa kupambana na umaskini. Kutoka hapo ikatokea ruzuku ya maji inayoshuka kila mwaka kutoka hazina ya taifa kwenda wilayani. Ruzuku hiyo ina masharti: wilaya haiwezi kuitumia ipendavyo, na sehemu kubwa yake imelenga kujenga sehemu mpya za maji. Nani hapendi kukata utepe? Kisima kipya kina picha, kina bango, kina jina la mheshimiwa. Kubadilisha mabomba yaliyooza chini ya ardhi mita 40 hakuna anayekupigia makofi.

Na Budondo ina jambo lake jingine, ambalo lilinishangaza. Tarehe 1 Julai 2020 Jinja ilipandishwa kuwa jiji, siku moja na Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Masaka na Fort Portal. Budondo, ambayo ilikuwa gombolola ya kijijini ya wilaya ya Jinja, ikamezwa ndani ya jiji, upande wa kaskazini. Yaani mtu alilala mkulima akaamka mkaaji wa jiji, na ng'ombe wake bado amefungwa kwenye mgomba. Kwa hesabu za maji hilo si jambo la kuchekesha. Ruzuku ya maji ya vijijini imetengenezwa kwa ajili ya wilaya na vijiji vyake. Jiji linategemewa kuhudumiwa na Shirika la Taifa la Maji, NWSC, lile lililoanzishwa mwaka 1972, kwa bomba na mita na bili. Bomba linafuata barabara kubwa, linafuata wateja wengi wanaoweza kulipa. Aliye ndani, nyuma ya mashamba, bado anategemea pampu ya mkono ya kijiji, na sasa jina lake limeandikwa jiji. Nauliza tu, na ninyi mjiulize: huyo pampu yake ikifa, anakwenda kwa nani?

Katikati ya haya yote kuna watu wenye kalamu. Bunge la Uganda jina la Bujagali wanalifahamu sana. Zaidi ya mara moja wabunge wamepitisha kuisamehe kampuni ya bwawa hilo kodi ya mapato, hoja ikiwa ni kwamba kodi ikiingia, bei ya umeme itapanda kwa kila mtu. Mimi sisemi walikosea, umeme nao ni uhai, na viwanda vinaajiri watoto wetu. Ninachosema ni kwamba Bunge lililoweza kukaa mwaka baada ya mwaka kujadili bwawa moja la Budondo linaweza pia kukaa nusu siku kujadili pampu za Budondo. Katiba ya mwaka 1995 haiwafungi mikono. Malengo ya taifa mwanzoni mwa Katiba yanataja maji safi na salama, na kifungu cha 193 kinaruhusu ruzuku ya kusawazisha, yaani pesa za ziada kwa sehemu zilizobaki nyuma ya wengine. Neno lenyewe liko mle ndani, kusawazisha. Kilichobaki ni kiasi, na kiasi kinawekwa na wabunge.

Niliendelea mbele mpaka Mbale, maana nilitaka kuona njia nyingine. Kule chini ya mlima Elgon maji yanashuka yenyewe. Wanajenga tangi juu, wanatandika mabomba, na mvuto unafanya kazi bila mashine wala umeme. Mradi wa Lirima ni mmoja wa hiyo. Mtu anaweza kudhani kule hawana shida. Wanayo. Mlima ukiporomoka bomba linaondoka na udongo, na Bududa wanajua maana ya mlima kuporomoka, tangu mwaka 2010 kijiji cha Nametsi kilipozikwa. Mwisho wa Julai 2022 mafuriko yaliingia Mbale mjini kwenyewe, yakaua watu, yakang'oa mabomba makubwa, na mji ukakaa bila maji.

Ila Mbale kuna kitu kimoja kilichonipa moyo, nacho ni Umbrella ya Mashariki, ofisi yake iko pale pale. Mwanzo, hizi Umbrella zilikuwa vyama tu vya kamati za maji za miji midogo, kamati moja ikiharibikiwa wenzake wanaisaidia fundi na spea. Mwaka 2017 serikali ikazipa mamlaka rasmi, ziko sita nchi nzima. Ni kama ile chama cha akina mama, kila mmoja anaweka kidogo, na mwenye msiba anachukua. Mradi mdogo peke yake hauwezi kuajiri fundi wa mashine, lakini miradi mingi ikifungwa pamoja inaweza. Nayo inategemea hazina kwa vitu vikubwa, kama mashine mpya na mabomba marefu, na bili za watu maskini haziwezi kulipa hayo yote.

Sasa kwa nini nawasimulia haya ninyi wa kambini? Kwa sababu maji yetu nayo yanahama. Serikali na UNHCR walishakubaliana kwamba maji ya makazi ya wakimbizi katika Uganda yaende polepole mikononi mwa mashirika ya maji ya nchi, NWSC na hizi Umbrella, na katika makazi kadhaa kazi hiyo ilishaanza. Na mwaka 2025 mliona wenyewe: misaada ilikatwa, shirika la Marekani USAID likafungwa, wafanyakazi waliotuzoea wakaaga. Tenki za gari zile za mwanzo wa dharura hazitarudi. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7. Bomba letu likishaingia kwenye bajeti ya taifa, tutakuwa kwenye mstari mmoja na Budondo, nyuma ya miji mikubwa, na sisi bila kura.

Hapo nataka tuelewane vizuri, maana kuna watu wanaogopa na kuna watu wanapenda fujo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kujiingiza katika siasa za Uganda. Msivae fulana ya chama, msiende kwenye kampeni, msichangie mgombea. Lakini kusema pampu ya zone yetu imekufa na watu wanakunywa maji ya kidimbwi, hiyo si siasa, hiyo ni taarifa ya maji. Njia yake iko: kamati ya maji, halafu RWC, halafu ofisi ya OPM na ofisi ya maji ya wilaya. Na wenyeji wanaotumia pampu moja na sisi wana LC yao, wana diwani wao, na wana mbunge wao. Wao wanaruhusiwa kumwambia mbunge kwa sauti. Tukiwa na ugomvi nao kwenye foleni, tumepoteza mdomo wetu wa pekee. Yule mtoto wa mwenyeji uliyemsukuma asubuhi, baba yake ndiye angesimama kwenye mkutano kutaja pampu yenu.

Mama yule wa Budondo alinionyesha daftari lake. Ni daftari la shule, kurasa 96, limefungwa kwa nailoni lisilowe. Ndani ameandika kwa Kisoga: siku pampu ilipoharibika, siku fundi alipokuja, kitu gani kilibadilishwa, nani amelipa, siku ngapi watu walikaa bila maji. Nilimuuliza kama kuna mkubwa yeyote aliyewahi kuliomba. Akasema bado, lakini yeye analipeleka, haombwi. Kila mkutano wa bajeti anakwenda nalo, na akipewa nafasi anasoma siku tu, hasemi maneno mengi. Kwa maneno yake, mtu anaweza kubishana na mama analia, lakini hawezi kubishana na tarehe.

Na tarehe za wakubwa ni hizi, ziandikeni ukutani. Mikutano ya bajeti ya wilaya hufanywa mara nyingi Oktoba na Novemba, na kabla yake gombolola zinakusanya maombi yao. Hati ya mpango wa bajeti ya taifa inatakiwa ifike Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba. Makadirio yenyewe yanapelekwa kufikia tarehe 1 Aprili, kamati za Bunge zinayapitia, na Bunge linatakiwa liyapitishe kufikia tarehe 31 Mei. Juni waziri anasoma hotuba, watu wanasikiliza redio na kulalamika. Wakati huo maneno yamekwisha, pesa zimeshagawanywa. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayepeleka barua Juni amechelewa mwaka mzima.

Barua yenyewe isiwe ya kurasa kumi. Iseme pampu au bomba ngapi ziko, ngapi zinafanya kazi, nyumba ngapi zinategemea, za wakimbizi ngapi na za wenyeji ngapi, na siku ngapi zilikaa zimekufa mwaka uliopita. Iombe vitu viwili vinavyoeleweka: mstari wa pesa za matengenezo makubwa usiochanganywa na pesa za visima vipya, na hesabu ya ruzuku ifuate watu wote wanaochota pale, mwenyeji na mkimbizi, si wapiga kura peke yao. Isainiwe na kamati ya maji, na LC1 wa wenyeji asaini pamoja nao. Nakala kwa mbunge apelekewe na wenyeji, wao wenyewe.

Kamati za maji ambazo hazina daftari zianze mwezi huu. Kurasa za kwanza andikeni mnayokumbuka ya mwaka uliopita, hata kama siku hazikumbukwi vizuri andikeni mwezi. Vijana wa sekondari wanaojua kuandika Kiingereza na Kiswahili wasaidie wazee, bila kudai soda.